Maswali ya Wasomaji: Matairi ya Mbele ya Basi Lililogeuzwa Nyumba

SWALI: Ndugu wahariri, basi letu la zamani tumeling'oa viti tukaligeuza nyumba ya safari: vitanda, jiko, tangi la maji, jenereta. Matairi ya mbele ni 295/80R22.5, mapya kabisa. Tukielekea Dar, la kulia lilipasuka tulipopita Same. Fundi anasema tairi ni bovu, tubadili kampuni. Ni kweli?
– Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Poleni sana, na tunashukuru mmetoka salama. Kabla ya kubadili kampuni, pimeni gari. Tairi jipya likipasuka, sisi huanza kushuku uzito, kisha upepo.

Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna maandishi kama 152/148M. 152 maana yake tairi likifungwa peke yake, kama la mbele, mwisho wake ni kilo 3,550. 148 ni kilo 3,150 kwa kila tairi pale yanapofungwa mawili mawili nyuma. Kwa hiyo matairi mawili ya mbele yanabeba kilo 7,100, tena yakiwa na upepo kamili ulioandikwa ubavuni, ambao kwa saizi hii huwa karibu psi 123 (psi ni kipimo cha upepo). Upepo ukishuka, na kilo hizo zinashuka.

Mkapime gari likiwa kama linavyosafiri: maji, dizeli, chakula, watu wote ndani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu kilo 8,000 kwenye ekseli ya usukani, yaani ya mbele, kwa hiyo mnaweza kuvuka mizani bila faini huku matairi yamezidiwa. Na uzito wa ekseli peke yake hautoshi. Tuseme imesoma 7,000, mkafurahi. Kama jenereta na betri ziko kulia, kulia kunaweza kuwa 3,700 na kushoto 3,300, na tairi la kulia limezidiwa kilo 150 kila linapotembea. Pimeni kila gurudumu peke yake.

Kisha angalieni tangi. Basi lenye mlango mbele ya gurudumu lina nafasi kubwa mbele ya ekseli, na wengi hufunga tangi hapo. Lita 500 za maji ni kilo 500. Lakini likikaa mita 1.5 mbele ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zimeachana mita 6, ekseli ya mbele inaongezewa kilo 625, kwa sababu nyuma inanyanyuliwa kilo 125. Lirudisheni katikati ya ekseli mbili. Kazi hiyo itangulie kununua tairi lolote. Mkibaki mmezidi, kuna 315/80R22.5 yenye namba 156, yaani kilo 4,000, ila inataka ringi ya inchi 9.00. Msiilazimishe kwenye 8.25, na mhakikishe haigusi bodi usukani ukikatwa hadi mwisho.

Kwa nini lilipasukia huko tambarare? Tairi lililozidiwa linajikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja kunazaa joto, na joto linaachanisha mpira na nyuzi za chuma. Lami ya moto na mwendo mrefu bila kusimama humalizia tu. Mkisimama, pelekeni mkono karibu na vitovu vya magurudumu yote mawili bila kugusa: kimoja kikiwa cha moto kupita mwenzake, breki inashika au beringi imechoka.

SWALI: Madereva wanashauri nipunguze upepo njiani tairi likipata moto, lisipasuke. Nifanye hivyo?
– Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Upepo hupimwa alfajiri, gari halijatembea. Ukianza na psi 110 asubuhi ya baridi, kusoma 125 baada ya saa kadhaa ni kawaida. Ukiutoa hadi 110 tairi likiwa la moto, kesho asubuhi utakuta kama 97, na hapo ndipo unapotengeneza joto ulilokuwa unalikimbia.

Tairi la psi 120 likitembea na 96 au chini yake, yaani limepungua asilimia 20, lisijazwe kando ya barabara tu. Nyuzi za ubavuni huenda zimeshaanza kukatika, na linaweza kumpasukia fundi usoni. Livuliwe, likaguliwe ndani, kisha lijazwe ndani ya kizimba cha chuma kwa mpira mrefu wa kompresa, fundi akiwa mbali na ubavu.

SWALI: Nimepata matairi ya mtumba, kashata (meno) zake bado nene. Yanafaa mbele?
– Msomaji, Usa River

JIBU: Unene hauonyeshi umri. Tafuta neno DOT. Tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hiyo iko ubavu mmoja tu, kwa hiyo kwenye tairi lililofungwa itabidi uingie chini ya gari na tochi. Mbele tunashauri lisizidi miaka 7 hata likiwa zuri kwa macho, na lile lililovalishwa mpira mpya lisikae mbele kabisa. Gari linalolala juani miezi mingi huzeesha matairi haraka zaidi: yafunike.

SWALI: Likipasuka nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, nifanye nini?
– Msomaji, Boma Ng'ombe

JIBU: Usiguse breki, wala breki ya injini. Gari litavutwa upande uliopasuka, na breki inahamishia uzito mbele na kuongeza mvuto huo. Shika usukani kwa mikono miwili, kanyaga mafuta kidogo hadi gari linyooke, kisha achia taratibu sana. Mwendo ukishakuwa mdogo ndipo uelekee pembeni. Kabla ya kubadili tairi, chungulia juu ya gurudumu: vipande vya mpira hukata bomba la breki na nyaya, kwa hiyo washa injini, jaza upepo wa breki na usikilize kama unavuja.