Usinunue amplifaya! Geuza kwanza waya wa sabufa moja

Mkuu, rudisha hela mfukoni. Unauliza fezi ya sauti ni nini, halafu mwishoni unatupia eti tangu uongeze sabufa ya pili besi imepungua, na kesho unashuka Kariakoo kutafuta amplifaya kubwa. Usiende. Mimi njia hiyo ilinitoa kwenye send-off moja Mbagala nikiwa na koili mbili (waya uliosokotwa ndani ya spika) zilizoungua, mama wa bibi harusi ananitazama kama nimekula michango.

Nilikuwa na sabufa moja kila upande wa ukumbi. Ukisimama katikati, mbele ya meza kuu, ngoma inalia kama mtu anagonga ndoo. Ukisogea ukutani, besi hii hapa. Nikampigia fundi wangu. "Kaza sauti, mziki haujashiba." Nikakaza. Nikakaza tena. Taa nyekundu ya amplifaya ikaganda, na harufu ya koili ikawahi kwenye keki kabla ya maharusi. Nilipomuuliza kuhusu fezi alicheka: "Hayo mambo ya umeme kaka, spika haina fezi." Na yeye ndiye aliyefunga zile waya, kwenye sabufa moja waya nyekundu kaupeleka kwenye tundu jeusi! Hela yangu ya ufundi alishakula.

Fezi ni wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake, wa nyuzi 360. Sabufa moja inasukuma hewa, mwenzake wakati huohuo inavuta: zimepishana nyuzi 180, na ukiwa katikati zinauana. Wimbi la besi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo eneo zima la katikati linakufa. Sauti nyembamba mawimbi yake ni mafupi, hutagundua kirahisi, ndiyo maana unadhani tatizo ni nguvu.

Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Chukua betri ya rimoti, volti 1.5, chanya kwenye waya nyekundu, hasi kwenye nyeusi, gusisha mara moja tu na uangalie koni, ile sahani ya spika inayotikisika. Imeruka nje? Nenda kwenye ya pili, fanya vilevile. Hiyo ikirudi ndani, mchawi umempata. Geuza waya zake, zote ziende upande mmoja.

Ukishagusisha betri rudi hapa utuambie koni ya pili imeenda wapi. Na huyo fundi wako, asije akawa ndiye wangu?