Kona ya Ngumi: Kijana hataki kuvaa kofia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 17 anajifunza ngumi hapa Nkuhungu. Ameona kwenye simu fainali za ubingwa wa dunia wa ridhaa za Belgrade 2021, wanaume wote vichwa wazi. Sasa kocha akimpa kofia ya kinga anagoma, eti ni ushamba. Nani yuko sawa?
Mama mtu, Dodoma

JIBU: Marahaba mama. Kocha yuko sawa, ingawa kijana hakuona vibaya.

Kofia ilikuwa lazima Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Mwaka 2013 shirikisho la dunia, AIBA, likawavua wanaume watu wazima, na ubingwa wa dunia wa Almaty mwaka huohuo ukapiganwa vichwa wazi. Vijana na wanawake waliendelea kuvaa. Hoja ya AIBA ilikuwa kwamba kofia haizuii ubongo kutikisika, tena inamziba bondia asione konde la pembeni.

Sawa. Lakini kuchanika inazuia, na hapo ndipo nina la kusema. Nyusi yangu ya kushoto ina kovu la nyuzi nne. Sikulipata ulingoni. Ilikuwa Jumatano jioni, mazoezini Chang'ombe, uwanja wa vumbi, tukagongana vichwa na rafiki yangu. Vumbi letu unalijua. Liliingia kwenye jeraha kabla sijajifuta. Jumamosi nilikuwa na pambano. Daktari alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akaniambia nikavae shati.

Bondia wa kulipwa akichanika anakaa miezi akipona. Wa ridhaa akitaka ubingwa wa dunia hupanda ulingoni mara nne, tano, ndani ya wiki mbili hivi, kila mara raundi tatu za dakika tatu. Jeraha la Jumatatu linafunguka Alhamisi. Na pale Belgrade dhahabu ilikuwa na dola 100,000, mara ya kwanza ubingwa huo kutoa fedha. Nani apasue nyusi mazoezini akaikosa hiyo?

Mnunulie yake, mama, za klabu zimelowa jasho la kila mtu. Aifunge, kisha atikise kichwa kwa nguvu: ikizunguka ikaziba jicho, hiyo si saizi yake. Akimaliza aifute na kuianika kivulini. Jua la saa nane la Dodoma hupasua ngozi ya kofia.