Maswali yenu kuhusu stesheni ya Mackinnon Road

Tangu nitaje ile stesheni ya reli ya zamani pale Mackinnon Road, ukitoka Mombasa kabla hujafika Voi, maswali yamekua mengi, leo najibu haya.

Stesheni ya treni inaitwaje "Road"?
Sababu barabara ndo ilitangulia. William Mackinnon alikua mkubwa wa kampuni ya Imperial British East Africa, na njia ya mikokoteni ya kutoka pwani kwenda bara iliyoanzwa 1890 ikapewa jina lake. Reli imeanza kutandikwa hapa Mombasa 1896, jina ikalikuta.

Waliojenga walikunywa maji gani kule kukavu?
Swali zuri sana hili, watu huzungumzia simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli tu wakasahau kiu. Nyika ya Taru haina mto, kwahivyo maji yalikua yapelekwa na treni yenyewe mpaka pale reli ilipofika, ikichelewa basi watu wanakaa na koo kavu kwenye jua lile na mataruma mabegani. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba, na kama 2,500 hivi walifia hukuhuku. Mimi kila nikipita pale nawakumbuka hao.

Na ule msikiti kando ya reli?
Hapo kuna kaburi la Seyyid Baghali, mtu wa Punjab aliyefanya kazi ya reli. Wazee husimulia kua karai lake lilikua laelea juu ya kichwa bila kumgusa. Madereva wa Mombasa-Nairobi mpaka leo husimama wakaomba dua, waislamu na wasio waislamu.

Kweli palikua na kambi ya wafungwa?
Ndio, miaka ya 1950 Waingereza walifungia watu wa Mau Mau pale.

Mbona treni ya abiria haisimami tena?
SGR, ile reli mpya ya Mombasa-Nairobi, ilipoanza 2017 ile ya zamani ya abiria ikaachwa mwaka huohuo, na SGR yenyewe husimama Mariakani kisha Miasenyi, Mackinnon iko katikati imerukwa. Wala haiwezi kupita reli ile, ya zamani upana wake ni mita 1, ya SGR ni milimita 1,435. Inaniuma, mji umezaliwa na reli alafu reli ikauacha. Ukipita kwa gari shuka msikitini, alafu tembea mpaka stesheni uione ingali imesimama.