Kizunguzungu kwa anayesafishwa damu: aanze na zoezi gani?

Swali: Mama ana miaka 61, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki Mtwara mjini, sisi tunaishi Mikindani. Kizunguzungu hakimwachi tangu mwaka jana, sasa anatembea kwa kushika ukuta. Akilegea tunampa dafu. Je, mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yatamfaa?

Jibu: Dafu acheni leo hii. Lina potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Mguu mmoja ni hatua ya mwisho. Kwanza mpimeni presha siku asiyosafishwa, kwa mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu): alale dakika 5, mpime, asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, msianze mazoezi. Pelekeni namba hizo kwa wanaomsafisha: pengine anatolewa maji kupita kiasi, au dawa za presha zinahitaji kupangwa upya. Waulizeni pia kuhusu wingi wa damu, na kama amewahi kuchomwa jentamaisini (sindano ya kuua bakteria), maana huweza kuharibu sikio la ndani linalotunza mizani ya mwili.

Presha ikiwa imetulia, asimame kwenye kona ya chumba, mgongo ukielekea kona, mbele yake kiti kizito cha mbao (cha plastiki huteleza). Mfungeni kanga imara kiunoni. Msimamizi ashike hapo, asimvute mkono wenye fistula.

Akiwa bado amekaa, apandishe na kushusha nyayo mara 20. Ndipo asimame miguu ikiwa pamoja, sekunde 30, mara 3. Akiweza siku kadhaa bila kugusa kiti, asogeze mguu mmoja mbele nusu hatua. Baadaye kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Mwisho mguu mmoja. Asifumbe macho: nyayo zikiwa na ganzi, macho ndiyo yanayomshikilia.

Kama kizunguzungu humjia anapogeuza kichwa, akae, anyooshe kidole gumba mbele ya macho, akikazie macho huku akigeuza kichwa kushoto na kulia kwa sekunde 30, mara 3 kwa siku. Kizunguzungu kidogo kinachopoa baada ya dakika chache si tatizo. Kisipopoa, kesho apunguze kasi.

Siku ya kusafishwa apumzike, na arudi kwa bajaji, si bodaboda. Akizimia, akiumwa kifua au upande mmoja ukilegea ghafla, hospitali saa hiyo hiyo.