Shangazi, wasifu wa mama umejaa baba tu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yetu amefariki akiwa na miaka 84, tunamzika jumamosi. Alikuwa mke wa mchungaji, baba alitangulia miaka tisa iliyopita. Sasa katibu wa kanisa katuletea wasifu wa marehemu, karatasi moja, nimeusoma mara tatu nikaishia kupandwa na hasira na sijui hata kwa nini. Baba alihamishiwa huku, baba akajenga kanisa kule, mama "aliambatana naye" na "alimsaidia kwa uaminifu miaka 46". Basi. Ndugu zangu wanasema niache, mama mwenyewe hakupenda makuu. Kaka mkubwa ndo kagoma kabisa kuchangia hata neno, anasema kanisa lilimchukua mama akiwa hai, limalizie tu. Nina siku mbili, niandike nini?
Kitinda mimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana na msiba. Hasira yako mi naielewa, chukua kalamu upigie mstari vitenzi vya mama kwenye hiyo karatasi utaona. Alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto, alifiwa na mume. Vyote hivyo ni vya kufanyiwa! Alivyofanya mwenyewe ni viwili, kuambatana na kusaidia, yaani miaka 84 vitenzi viwili.

Katibu usimlaumu lakini. Kaandika kilichopo kwenye faili, na faili la kanisa linamjua mchungaji, lini aliwekewa mikono, lini alihamishwa, lini alistaafu. Mama mchungaji mara nyingi hana barua ya kazi wala mshahara wala siku ya kustaafu, kanisa linaajiri mmoja linapata wawili (hili nalisema kila mwaka na kila mwaka kuna mzee wa kanisa ananinunia). Kwa hiyo mama usimtafute kwenye faili, mtafute nyumbani. Kaa leo usiku na dada zako muulizane vitu vidogo vidogo: mlango ukigongwa saa nane usiku nani alikuwa anaamka kwanza? Wanandoa wakija wamegombana, baba anabaki na mwanaume sebuleni, yule mwanamke analia wapi na nani kamshika mkono? Funguo za kanisa zilikuwa zinakaa wapi? Mi namjua mmoja funguo zililala chini ya mto wake miaka na miaka, na akisafiri kwaya haifanyi mazoezi. Mlipohamishwa ghafla nani alifunga vyombo, nani alikwenda kuwatafutia shule mpya? Ukipata majibu sita ya namna hiyo wasifu umeshakamilika, kila jibu sentensi moja, na mama ndo awe mtendaji.

Na hilo la kutopenda makuu nalisikia sana misibani. Kutaja kazi ya mtu sio kumtukuza. Hebu nikupe mfano wa zamani, Susanna Wesley wa Uingereza, mke wa mchungaji, alizaa watoto 19 na tisa wakafa wachanga. Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712 mumewe alikuwa London kwa shughuli za kanisa, Susanna akawa anawasomea watoto na watumishi mahubiri nyumbani jumapili jioni, majirani wakasikia wakaja, wakaja na wengine, mpaka wakafika kama 200. Msaidizi wa mchungaji akaenda kushtaki kwa barua, mume akamwandikia mkewe aache. Unajua alijibu nini? Kwamba kama anataka aache basi asimwambie tu kuwa angependa, atoe amri kamili, ili yeye awe na cha kujibu mbele za Mungu kuhusu zile roho. Haya, huyo naye tuandike "alimsaidia mume wake"? Watoto wake John na Charles ndo walioanzisha vuguvugu la Methodisti, lakini ile nyumba iliyojaa watu ilikuwa ya kwake.

Au Katharina von Bora, aliyeolewa 1525 na Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa. Alikuwa anatengeneza bia, anafuga, anasimamia mashamba, na kulisha wanafunzi waliopanga nyumbani kwao, manake Luther kwenye mambo ya hela alikuwa hovyo kabisa. Mume akafa 1546, usia alioacha wa kumrithisha mkewe ukakataliwa kisheria, mama wa watu akabaki anahangaika. Nakutajia huyu kwa sababu ya kwenu: baba alipoondoka, mama aliishi wapi hiyo miaka tisa? Kama ilibidi aondoke nyumba ya kanisa, iseme. Kwa upole, bila kumsonta mtu kidole, ila iseme, nayo ni sehemu ya maisha yake.

Sasa kaka yako. Huyo usimlazimishe na usimwambie asamehe wiki hii. Mtoto aliyekuwa anasubiri mama amalize na watu ili naye asikilizwe, mpaka analala kwenye kochi na viatu, ana haki ya kuwa na donge. Mwombe kitu kimoja tu, siku moja anayoikumbuka mama alikuwa wake peke yake, na kama ipo iandike alivyoisema, usiipambe. Kama hakuna basi mwache achukue upande wa jeneza anyamaze.

Mwanzo wa karatasi anza na jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, "Mama Mchungaji" lije baadaye, naamini nusu ya waumini hawajawahi kulisikia. Na muulize aliyekuwa anaosha naye vyombo, ni wimbo gani alikuwa anauvuma akidhani hasikiki, huo ndo uimbwe jumamosi hata kama kwaya imeshapanga mwingine.