Fununu za kupunguzwa kazi: usikimbilie kuandika barua ya kuacha

Ofisini ikianza kunong'onwa kwamba watu watapunguzwa, kuna ushauri utakaousikia kabla ya mwingine wowote: andika barua, ondoka kwa heshima zako kabla hawajakutoa. Utaambiwa na mjomba, na shemeji, na jirani wa kule Sakina ambaye hajaajiriwa na mtu maisha yake yote. Usiufuate, angalau si kabla ya kupiga hesabu.

Ukiacha kazi kwa hiari yako, kiinua mgongo cha kisheria hukipati, maana kile hulipwa pale mwajiri anapokuachisha. Fao la upotevu wa ajira la NSSF nalo ni la aliyepoteza kazi bila kupenda. Kwa hiyo barua yako ya heshima inaweza kuwa zawadi kwa mwajiri, tena zawadi nono. Kuna ofisi ambazo hazitamtamkia mtu kuwa anapunguzwa. Zinamnyima kazi, zinamhamisha meza, zinamsubiri achoke mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu mwaka 2020 nilikuwa idara ya rizavesheni katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena Mei 18, ila wageni hawarudi kwa tangazo. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa kama 620,000. Kazi yangu ya kupanga safari ikageuka kuwa kazi ya kuzifuta. Msimu wa mvua tumeuzoea, kila Aprili na Mei magari huegeshwa na watu huenda likizo, lakini ule haukuwa msimu. Kila mlango wa meneja ulipofungwa, tulitazamana.

Dada mmoja wa idara ya akaunti alinivuta pembeni. "Dada, nikiandika barua leo si watanilipa haraka kuliko nikisubiri?" Nikamwambia kwanza tukaisome sheria, tusibahatishe. Ndipo nilipojua kuwa kupunguza wafanyakazi si jambo la bosi kuamka asubuhi na kugawa bahasha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, tangu pale anapofikiria kupunguza watu. Anatakiwa atoe maelezo yote yanayohusika, kisha afanye mashauriano. Mnashauriana kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, lini itafanyika, na malipo. Penye chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, mashauriano ni na chama. Pasipo chama, ni na ninyi wenyewe. Wa hoteli waulize habari za CHODAWU, wa mashamba ya maua huko Usa River waulize TPAWU. Mkishindwa kuelewana, suala linakwenda kwenye usuluhishi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na mwajiri haruhusiwi kupunguza watu ndani ya siku 30 za usuluhishi huo.

Watu wengi huingia kikao hicho kama wanaokwenda kusomewa hukumu. Wanainamisha vichwa, wanasaini mahudhurio, wanakunywa soda, wanaondoka. Kikao hicho ndicho mahali pako pa kusema. Uliza: mmejaribu nini kabla ya kufika hapa? Mtachagua kwa kigezo gani, aliyeingia mwisho atoke kwanza, au ujuzi? Je, tunaweza kufanya kazi kwa zamu, au watu wamalize kwanza likizo walizolimbikiza? Omba muhtasari wa kikao kwa maandishi. Huna haja ya kugombana wala kupandisha sauti. Sisi tulipouliza habari ya zamu, menejimenti iliomba muda wa kufikiria, na baadhi ya waliokuwa kwenye orodha ya kwanza wakabaki kwa nusu wiki.

Hiyo nusu wiki ina mambo yake, na likizo bila malipo vilevile. Mwajiri akikuletea pendekezo kama hilo, si lazima ulikatae palepale, maana mezani pengine hakuna kingine. Ila lisiishie mdomoni. Liandikwe linaanza lini na linaisha lini, liandikwe kwamba utumishi wako unaendelea kuhesabiwa, na kwamba ukipunguzwa baadaye malipo yatapigwa kwa mshahara wako kamili wa awali. Bila hayo, siku ya hesabu mtabishana kama miezi ile ulikuwa mfanyakazi au mgeni. Na ukipewa nafasi nyingine yenye mantiki ndani ya kampuni ukaikataa bila sababu ya maana, unaweza kukosa kiinua mgongo. Ifikirie kabla hujasusa.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wa utalii tunapopata mshtuko. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa 26, ndizo siku zake za kazi kwa mwezi, siku yake ni 30,000. Mara 7 ni 210,000 kwa mwaka. Akiwa na miaka sita, ni 1,260,000. Hata angekaa miaka ishirini, kima cha sheria kinaishia 2,100,000, labda mkataba wake uwe na ukarimu zaidi. Dereva anayeongoza watalii amezoea kuishi kwa tipu na posho za safari, mshahara wake wa msingi hata hautaji mbele za watu. Kumbe kiinua mgongo hakizijui tipu.

Juu ya hapo ongeza notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, au fedha badala yake. Ongeza mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo usizochukua. Kama uliajiriwa ukiwa, tuseme, Mwanza ukaletwa Arusha, kuna gharama za kukurudisha ulikotoka na za kujikimu wakati unasubiri kusafirishwa. Na cheti cha utumishi, ambacho watu hukisahau mpaka waombwe kazini kwingine. Mwenye mkataba wa muda maalumu unaokwisha kwa tarehe yake ana hadithi tofauti, aanze kwa kuusoma mkataba wenyewe.

NSSF nenda mapema, usisubiri barua. Chukua taarifa ya michango yako na uilinganishe na stakabadhi za mshahara mwezi kwa mwezi, kwa sababu kukatwa ni jambo moja na kuwasilishwa ni jambo lingine. Ukigundua pengo wakati bado una kazi, una mtu wa kumuuliza. Na usijidanganye na lile fao la kujitoa la zamani, la kuchukua michango yako yote ukatokomea. Mabadiliko ya 2018 yalileta fao la upotevu wa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 hupata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ni kodi ya nyumba na unga, si mtaji.

Karatasi nazo. Arusha ina wazee wanaoweza kukueleza vizuri kuliko mimi, wale waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, iliyovunjika 1977, waliohangaikia mafao yao kwa miongo. Barua ya ajira, mkataba, barua za nyongeza ya mshahara, stakabadhi za mshahara: weka nakala nyumbani. Wengi wetu stakabadhi zinakuja kwenye barua pepe ya kazini, na barua pepe hiyo hufungwa siku ileile unayokabidhi funguo. Hamisha za kwako tu. Orodha ya wateja wa kampuni iache ilipo, usije ukawapa kosa la kukufukuzia.

Kuhusu fedha za nyumbani sitasema mengi. Usiongeze mkopo wa mshahara. Usimdhamini mtu SACCOS kipindi hiki, hata akiwa rafiki wa damu. Ulizia benki kama bima ya mkopo wako inagusa kupoteza kazi au ni kifo na ulemavu tu. Mwambie mwenzako wa ndani ukweli mapema, kwa sababu Desemba inakuja na safari ya kwenda nyumbani Rombo au Marangu haipangwi na mtu mmoja. Na malipo yakitoka, usinunue bodaboda wiki hiyohiyo ukampa kijana akuletee hesabu. Nimewaona wengi Mbauda na Kwa Mrombo wanaofukuzana na pikipiki zao.

Kisha ipo ile karatasi ya mwisho, makubaliano ya kuachana. Utaitwa, utaambiwa saini hapa hundi iko tayari. Ndani yake mara nyingi kuna maneno kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lolote tena. Omba siku moja ukaisome. Anayekunyima siku moja ya kusoma anastahili kusomwa mara mbili. Mpelekee mtu wa chama, au mwanasheria, au hata ndugu anayejua hesabu, alinganishe na kila kipengele nilichotaja hapo juu.

Ukiona hukutendewa haki, mlango ni CMA, na kufungua mgogoro hapo hakuna ada. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba aliipokea. Mgogoro wa kuachishwa isivyo halali unatakiwa upelekwe ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, siku 60. Ukichelewa utalazimika kuomba usamehewe kuchelewa, na utatakiwa kueleza sababu za kuridhisha. "Waliniahidi watanipigia" si sababu ninayoweza kukuhakikishia. Kama barua unayo tayari, itazame tarehe yake sasa hivi, uhesabu umebakiwa na siku ngapi.