Shafti imekatika? Kagua ngozi yake kabla ya kudai chuma kigumu

Wenye mashine za kusaga nafaka wakiniletea shafti iliyokatika, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, ombi huwa moja: "Fundi, nikerezee nyingine, ila safari hii weka chuma kigumu zaidi." Mimi huomba kwanza vipande vyote viwili, tena visiwe vimegongwagongwa.

Uso wa mkato husema mengi. Sehemu moja huwa laini, ina mistari ya upinde iliyofuatana kama alama za maji yakikupwa. Iliyobaki imeparuka, chuma kibichi. Fuata ile mistari kurudi nyuma, itakufikisha kwenye nukta moja ukingoni. Hapo mara nyingi kuna alama ya patasi, kishimo cha kutu, au kona kali iliyoachwa na kisu cha mashine ya kukereza.

Hiyo shafti haikuzidiwa na mzigo wa siku ile. Imechoka. Mkanda unaivuta upande mmoja, nayo inazunguka, kwa hiyo kila sehemu ya ngozi, yaani uso wake wa nje, inavutwa kisha inabanwa. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, saa moja ni mara 90,000. Saa 112 tu umeshapita milioni 10. Mkazo wa kupinda ni mkubwa zaidi kwenye ngozi, na kwenye kitako cha mkwaruzo unaongezeka maradufu au zaidi. Ufa unaanzia hapo. Mjerumani August Wöhler aliyapima mambo haya kwa ekseli za treni katika karne ya 19, na bado watu wanalaumu chuma.

Chuma kigumu kina faida kikiwa kimeng'arishwa vizuri. Lakini kadiri kinavyozidi ugumu ndivyo kisivyosamehe mkwaruzo, na pesa uliyoongeza inaliwa na tupa moja iliyoteleza. Mahali penye unyevunyevu ni balaa zaidi, maana kutu inachimba huku shafti inapinda.

Mwambie fundi aache mviringo pale unene unapobadilika, wala asiache kona. Msasa wa mwisho upigwe kwa kufuata urefu. Namba ya kazi igongwe kwenye kichwa cha shafti, si ubavuni. Beringi itolewe kwa pula (kifaa cha kuivutia), si kwa patasi na nyundo, na mtu asichomelee hapo hata kitone. Ukikuta mkwaruzo mapema, usugue mpaka kitako chake kitoweke. Kung'arisha juu juu ni kuuficha tu. Ukiona tayari kuna ufa, shafti hiyo ni ya kubadilisha.